Mwache Amalize

Gari lilipoanza kuteremka upande wa pili wa kreta, ukungu ukabaki nyuma na tambarare za Malambo zikajitokeza chini, kavu na pana. Naserian akamwuliza Valeriani swali lile lile alilomwuliza tangu walipopita geti la hifadhi.

"Karatasi unazo?"

Valeriani aligusa mfuko wa shati lake akaendelea kuendesha. Hakujibu kwa mdomo. Tangu asubuhi alikuwa akiutunza mdomo wake kama mtu anayetunza maji ya safari.

Kiti cha nyuma, Mzee Martini, baba mdogo wa Valeriani, alikuwa amesinzia na kofia imemfunika macho. Huyo ndiye pekee katika ukoo wao wote wa Rhotia aliyekubali kuja. Wengine waliuliza kama wasichana wa Karatu wamekwisha hata Mmbulu aende kuposa Umasaini.

"Na ule ukurasa wa mwisho?" Naserian aliuliza. "Jana uliniambia bado."

"Ni-ni... nimeumaliza usiku. U-utausikia huko huko."

"Mzuri?"

Valeriani alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. Naserian aliyajua macho yale. Aliyapenda kabla ya kupenda kitu kingine chochote kwa mwanaume huyu, kwa sababu yalisema haraka yale ambayo ulimi ulichelewa kuyasema. Na leo yalisema: naogopa.

Naye aliogopa. Siku chache kabla, baba yake alikuwa amempigia simu ofisini Karatu, pale kwenye kampuni ya utalii alipokuwa akipanga safari za magari. Mzee Lekishon hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Tobiko wa Oloipiri amekuja na wazee wake," alisema. "Baba yake ni rika langu. Wanarudi Jumapili na ng'ombe. Huyo Mmbulu wako, kama yupo kweli, aje Jumamosi. Na aje aseme mwenyewe. Simwozi binti yangu kwa mtu ambaye namsikia kwa mdomo wa mwingine."

Naserian alikubali upesi, kisha akakaa na simu mkononi. Alikuwa amemwambia baba yake mengi juu ya Valeriani. Alimwambia ni fundi wa magari ya watalii, kwamba hanywi, kwamba anamtunza mama yake. Hakumwambia juu ya ulimi. Mzee Lekishon alikuwa msemaji anayejulikana Malambo nzima. Watu wakigombana, yeye ndiye anayeitwa. Na alikuwa na usemi wake, aliourudia hata mbele ya watoto: anayesitasita anatafuta uongo wa kusema.

Ndipo Naserian alipopata wazo la kuandika. "Andika hadithi yetu," alimwambia Valeriani. "Ya kweli. Jinsi tulivyopendana na jinsi mapenzi yalivyotubadilisha. Utaisoma mbele yao."

Wiki nzima walijizoeza kwenye gereji baada ya kazi, harufu ya dizeli ikiwa imewazunguka. Walipoisoma pamoja, sauti ya Valeriani ikiegemea sauti yake, maneno yalipita bila kukwama hata moja. Naserian akajidanganya kwamba hiyo ndiyo dawa. Hakutaka kukumbuka kwamba Malambo wanawake hawakai baraza moja na wazee.

*

Wazee walikaa kwenye vigoda, kwenye kivuli cha nyumba ya mabati. Katikati alikuwa Mzee Lekishon, shuka jekundu limekunjwa begani. Kando yake alikaa Isaya, mdogo wake, katekista, na upande mwingine wazee wawili wa jirani. Valeriani aliinamisha kichwa, Mzee Lekishon akamgusa utosini kama ilivyo desturi, akamwonyesha pa kukaa. Naserian na mama yake, Nanyokie, wakabaki mlangoni.

Mzee Martini alianza vizuri. "Wazee wangu, sisi ni majirani zenu wa kule juu. Tumepotelewa na ng'ombe mtamba. Tumefuata nyayo, na nyayo zimeingia boma hili."

Wazee wakacheka kwa kuridhika. Hata Mzee Lekishon akatikisa kichwa.

"Mtamba tunaye," alisema. "Lakini nilisema nataka kumsikia anayemtafuta. Kijana, simama."

Valeriani alisimama. Alizitoa karatasi, akazikunjua, akapumua kama Naserian alivyomfundisha.

"Mi... M-m-m..."

Neno lilikuwa "mimi". Neno dogo kuliko yote. Naserian aliliona likipanda kooni kwake na kugonga meno na kurudi. Mishipa ya shingo ilimtoka. Macho yakafumba. 

"M-m-m..."

Mzee mmoja wa jirani aligeuka kwa mwenzake. "Amekunywa?"

"Hanywi!" Mzee Martini aliruka. "Ni ulimi wake, wazee wangu. Amezaliwa hivyo."

Mzee Lekishon hakumtazama Martini wala Valeriani. Aligeuza kichwa polepole hadi mlangoni, akamtazama binti yake. Naserian alihisi mtazamo ule ukimshukia mwilini kama maji ya kisima. Hukuniambia, ulisema. Umeniletea aibu barazani kwangu, na hukuniambia.

"M-m-mi..."

"Basi, kijana. Kaa," alisema Isaya kwa huruma, na huruma ile iliuma kuliko kicheko.

Naserian alipiga hatua. Nanyokie akamkamata mkono.

"Usiende. Ni baraza la wanaume."

"Yeyo, mama yangu, niache. Nakuomba."

Alijinasua. Alitembea hadi katikati ya wazee akijua kwamba hakuna msichana wa boma lile aliyewahi kufanya hivyo. Akazichukua karatasi mikononi mwa Valeriani. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Naserian, rudi," alisema baba yake.

"Nitasoma tu, baba. Maneno ni yake. Mimi sitaongeza langu."

Kabla hajakatazwa tena, akasoma.

"Mimi ni Valeriani wa Rhotia. Tangu utotoni watu wananimalizia maneno. Mwalimu alinimalizia, padri alinimalizia kwenye kitubio, nikatubu dhambi nisiyoitenda. Kinyozi naye alinimalizia, nikatoka na upara nisioutaka."

Isaya alikohoa, akificha kicheko. Mzee mmoja akasogeza kigoda karibu. Naserian akapata nguvu.

"Siku moja Naserian alikuja gereji amekasirika, gari la wageni halijawa tayari. Nilianza kumweleza, naye akanimalizia, akakosea. Nikaanza upya, akanimalizia tena, akakosea tena. Nikamwomba aniache nimalize mwenyewe. Akanyamaza. Ilinichukua muda mrefu, yeye akasimama pale juani mpaka nilipofika mwisho. Siku hiyo nilitamani sentensi zangu ziwe ndefu zaidi, ili asiondoke."

 Mzee Lekishon alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo yake, anasikiliza. Naserian alifunua ukurasa wa mwisho, ule ambao hakuwahi kuuona, na kwa furaha mdomo wake ukatangulia akili.

"Wazee wangu, mapenzi hubadilisha mtu. Mapenzi ya Naserian yameniponya. Kigugumizi kimekwisha. Leo nasimama mbele yenu nikisema kama mtu mwingine yeyote..."

Alinyamaza. Alikuwa amechelewa.

Mzee wa jirani ndiye aliyeanza kucheka, akapiga goti lake. "Ameponywa! Huyu ndiye aliyeponywa!" Mwenzake akafuata. Mzee Martini aliinamisha kichwa. Valeriani alisimama kama mti uliopigwa radi, umeungua lakini bado umesimama.

Mzee Lekishon aliinuka. Hakupaza sauti.

"Wageni watakunywa chai. Hakuna anayeondoka kwangu na njaa. Lakini shauri limekwisha. Karatasi inasema uongo, na mwenye karatasi hasemi kitu. Kesho watu wa Oloipiri wakija, nitawaambia ndiyo."

Akaondoka kuelekea zizini.

*

Naserian alimkuta Valeriani nyuma ya gari, paji la uso amelibandika kwenye bati la moto.

"Kwa nini?" alimwuliza. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nilikuambia uandike ya kweli! Kwa nini uliandika vile?"

Valeriani hakugeuka.

"U-u-uliniambia niandike mapenzi ya-yalivyonibadilisha." Alimeza mate. "Nilikaa usiku kucha. Ni-nikajitafuta nilichobadilika. Si-si... sikukiona. Bado ninakwama. Bado ni... ni yule yule. Nikaona wa-wataniuliza, mapenzi yake yamekufanyia nini? Nikaandika ki-kile ninachoomba kila siku."

 Hasira yote ikamtoka Naserian, pakabaki hofu tupu. Kesho. Kesho saa kama hizi ng'ombe wa Tobiko wangekuwa wanakunywa maji hapa. Na Tobiko hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa mpole na mwenye heshima, na hapangekuwa na mtu duniani wa kumwonea Naserian huruma akiolewa naye.

Alimgeuza Valeriani kwa nguvu, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Washa gari," alisema. "Twende. Sasa hivi, kabla hawajamaliza chai. Tufike Karatu, padri atufungishe, wakitaka wanilaani."

"Hapana."

Neno lile lilitoka safi, bila kukwama, na lilimchoma.

"Hunitaki?"

"Na-nakutaka mpaka na-naumwa." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Lakini si-siwezi kukuiba. Kila siku utakaa mezani kwangu u-u-unamkumbuka baba yako. Utanipenda mwaka mmoja. Halafu u-utaanza kunisamehe. Sitaki kusamehewa, Na... Na..."

Lilikwama jina lake. Naserian alimngoja, macho kwa macho, mikono yake bado mashavuni pake, lakini safari hii Valeriani alikata tamaa katikati. Akatikisa kichwa, akaitoa taratibu ile mikono.

"O-olewa na Tobiko," alisema. "A-ataweza kukuita."

Naserian alikaa chini kwenye vumbi. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu alipomzika bibi yake, bila kujali wageni wala majirani. Hapo ndipo Nanyokie alipotokea na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Aliwatazama wote wawili, akaviweka vikombe juu ya boneti.

"Nimewasikia," alisema. "Huyu kijana anasema hakuna kilichobadilika?"

"Yeyo, tuache tu."

"Siwaachi. Wewe ulipokuja Krismasi, nilidhani unaumwa."

Naserian aliinua uso. "Mimi?"

"Nilimwambia baba yako, mtoto ana homa. Tangu ujue kusema, hujawahi kuniacha nimalize neno. Mimi nikisema 'ng'ombe', wewe umeshasema rangi yake na umekosea. Ulinikata kauli hivyo tangu mdogo, kama baba yako anavyonikata. Nimezeeka na maneno yangu tumboni." Nanyokie alikaa chini karibu naye. "Krismasi nilianza kukusimulia habari za mama yangu, jinsi alivyokufa. Nikangoja unikate. Hukunikata. Ulikaa, ukanisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo mara ya kwanza nimeimaliza hadithi ile mbele ya mtu. Nikajiuliza, nani amemfundisha mtoto wangu hivi?" Alimtazama Valeriani kwa muda. "Leo nimemwona."

 Naserian alikumbuka jioni ile. Alikumbuka moto, na sauti ya mama yake ikisita na kuendelea, na yeye akingoja bila hata kujua kwamba anangoja. Kungoja kulikuwa kumeshamwingia kama mtu anavyozoea njia ya nyumbani.

Aliinuka, akamshika Valeriani mkono.

"Twende kwa baba."

"I-imekwisha."

"Haijakwisha. Uliniandika vibaya. Twende."

*

Jua lilikuwa linashuka na ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka majini, kengele zao zikisikika kabla yao. Kila jioni Mzee Lekishon alisimama mlango wa zizi akiwatazama wakiingia mmoja mmoja. Alimjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa mama yake, na hakuna ugonjwa wala mgeni aliyewahi kumtoa mlangoni pale. Isaya alikuwa kando yake.

"Baba," Naserian aliita.

"Nimeshasema."

"Umesema, nami nilikuacha umalize. Niache nami nimalize."

Mzee alifungua mdomo kumjibu, kisha akaufunga. Labda ni kwa sababu Nanyokie alikuwa amewafuata, amesimama nyuma ya binti yake.

"Karatasi ilidanganya, ni kweli," Naserian alisema. "Valeriani hajapona. Atakwama kesho na atakwama siku ya kufa kwake. Nami nilikuficha hilo, nikaogopa utamwona mjinga. Lakini hadithi ya kweli ipo, baba. Aliyebadilika ni mimi. Unanijua. Nilikuwa namkatiza kila mtu. Nilimkatiza mama, nilimkatiza bibi mpaka alipokufa. Huyu alinifundisha kunyamaza nikamsikia mtu, na hakunifundisha kwa maneno. Muulize mama."

Mzee Lekishon alimtazama mkewe. Nanyokie hakuinamisha macho.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ni shahidi. Na nilitamani..." Alisita. Miaka yote ya ndoa yao ilikuwa katika kusita kule. Mzee Lekishon alivuta pumzi kumkatiza, na Naserian akaona jinsi alivyojizuia. "Nilitamani na wewe ungekuwa hivyo," Nanyokie alimaliza.

 Ng'ombe wa kwanza walikuwa wamefika, wanasukumana.

"Kijana," alisema Mzee Lekishon hatimaye. "Nilitaka kukusikia. Bado sijakusikia. Achana na karatasi. Sema unachokitaka."

Valeriani alisogea mbele. Naserian alitaka kumshika mkono, lakini alijizuia. Hii ilikuwa njia ya mtu mmoja.

"Mzee, na-naomba... naomba ku-kumuoa..."

Angeweza kusema "binti yako". Lilikuwa rahisi, na alilijua kuwa rahisi. Naserian aliona akiliacha makusudi, akichagua jina.

"Na... Na... N-n-n..."

Mishipa ikamtoka. Macho yakafumba. Isaya alishindwa kuvumilia.

"Naserian, anataka kusema Nase..."

Fimbo ya Mzee Lekishon ilinyooka mbele ya kifua cha mdogo wake.

"Mwache amalize."

"N-n-n..."

Walingoja. Nanyokie alikuwa amefumbata mikono kifuani.  Naserian alihisi neno lile likipanda na kurudi, likipanda na kurudi, na akajua kwamba lisipotoka sasa maisha yake yote yatakuwa Oloipiri, na hatamlaumu mtu. Mdomo wa baba yake nao ulikuwa unacheza bila sauti, ukitaka kulisema jina alilompa mwenyewe siku alipozaliwa, na hakulisema. Jasho lilimtoka Valeriani kidevuni.

"...Naserian," alisema.

Kisha, kabla mtu hajajibu, akainua mkono kwamba bado. "Si-sina ng'ombe wa ku-kushindana. Nina kazi. Na ni-nitamsikiliza naye. Ma-maisha yake yote."

 Mzee Lekishon alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Baba yake Tobiko tulitahiriwa pamoja. Nikimrudisha, hatakuja tena kunywa chai kwangu. Unalijua hilo, Naserian?"

"Nalijua, baba."

"Hulijui. Utalijua ukizeeka." Akamgeukia Isaya. "Panda kilimani kwenye mtandao. Mpigie. Mwambie asipakie ng'ombe. Mwambie nitakuja mwenyewe nimweleze, usimweleze wewe."

Isaya aliondoka mbio. Nanyokie alifunika uso kwa shuka. Naserian alitaka kupiga kelele, kumrukia baba yake, kusema asante mara mia, lakini aliona mabega ya Valeriani yakiinuka tena, kinywa kikifunguka. Alitaka kushukuru, na neno lilikuwa limemkwama.

"A... A-a-a..."

Mzee Lekishon alikuwa ameshageukia zizi lake. Aliisikia sauti ile, akasimama. Akageuka tena, akaegemeza mikono yote miwili juu ya fimbo, akamtazama kijana yule usoni na kumngoja. Nyuma yake ng'ombe wakaanza kuingia zizini, mmoja baada ya mwingine, bila mtu wa kuwatazama.